Alama ya Kidole Gumba

Tangu aache kazi ya meli, Kombo hajawahi kulala sehemu moja siku mbili. Hata hapa kisiwani, kwenye kihoteli cha vyumba vinne juu ya kilima, mkoba wake ulishakuwa mlangoni. Boti inaondoka kesho alfajiri.

Jioni akapita jikoni kuaga kabisa. Bi Despina, mwenye hoteli, alikuwa anapanga madonge ya unga wa mkate mezani. Kombo akalibonyeza moja kwa kidole gumba, hivi hivi tu.

"Haya, umeshajiponza!" Bi Despina akacheka. "Hapa kwetu mgeni akitia kidole, mkate ni wake. Lazima aule mwenyewe."

"Unaiva saa ngapi?"

"Kesho mchana. Tanuri la kijiji ni moja, na zamu yangu ni kesho."

"Mimi nina boti ya alfajiri, mama."

"Najua. Wewe hutulii, nilikuona toka ulipofika asubuhi." Akajipaka unga kiganjani. "Nalikanda upya, alama inapotea. Hakuna aliyeona."

Mkono wake ukashuka kwenye donge. Kombo akakitazama kile kishimo. Kidogo tu, lakini cha kidole chake. Nje mbuzi walikuwa wanatafuna majani ya mzeituni, wala hawana haraka.

"Usiliguse," akasema.

Bi Despina akaguna, akayafunika madonge kwa kitambaa. Kombo akaenda mlangoni, akaubeba mkoba, akasimama nao katikati ya ua, hajui auweke wapi.