Fundi Ameshavuka

Mzee Asajile hakuwa na karakana. Alikuwa na banda la mabati nyuma ya nyumba yake, Tunduma, ambamo zamani mkewe alifuga kuku. Hakuwa na msaidizi, wala meno mawili ya mbele. Hakuwa na cheti, ingawa alikereza vyuma miaka arobaini na moja katika gereji za watu. Na kwa mashine aliyokuwa akiisugua kwa msasa asubuhi ile, hakuwa na hata kipande kimoja cha karatasi ya forodha.

Ilikuwa mashine ya kukereza vyuma, kuukuu, kutoka gereji iliyofungwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Ilivuka vipande vipande kwa toroli, wiki nzima, kwa njia ambazo kila mtu wa Tunduma anazijua na hakuna anayezitaja.

Aliitafuta kwa sababu moja. Chuo kimoja cha ufundi huko Itumba kilikuwa tayari kumpa kazi ya kufundisha, mradi alete cheti. Fomu za kuomba cheti hicho alizituma tangu Februari. Siku atakayoitwa Mbeya kwenye mtihani, alimwambia mkewe Enesi, hataki mikono yake iwe imesahau.

Kwa miezi mitatu aliosha gia moja moja kwa dizeli. Meno yaliyovunjika aliyajaza na kuyachonga upya kwa tupa. Reli za mashine aliziparuza kwa mkono mpaka unywele ukakosa pa kupita chini ya rula. Sasa ilibaki rangi.

"Hodi," mtu aliita kwenye uzio.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, mkoba begani. Shikamoo yake ilikuwa ndefu na ya adabu. "Naitwa Zahoro, natoka Mbeya. Nimeambiwa hapa kuna fundi wa vyuma."

"Umeambiwa na nani?"

"Majina yanafika, mzee wangu." Macho yake yalikuwa yameshampita Asajile na kuingia bandani.

Enesi, aliyekuwa akichambua maharage, aliinuka, akavuta turubai na kuifunika mashine kama anayemfunika mtoto mwenye homa.

"Hapa hakuna fundi," Asajile alisema. "Sisi ni wakulima."

Mgeni aliitazama mikono ya mzee iliyojaa grisi, akatabasamu, akaaga.

"Umeviona viatu?" Enesi aliuliza. "Vumbi lote hili la Tunduma, na bado vinang'aa. Huyo ni mtu wa ofisi."

"Nimeviona."

"Jirani yetu Jenista naye alianza kusalimiwa hivyohivyo. Shikamoo mama, friji nzuri hii mama, umeitoa wapi mama. Na mdomo wake ukasema Nakonde. Kesho yake lori la forodha mlangoni."

"Mimi si Jenista."

"Wewe ni mbaya kuliko Jenista. Ukisifiwa kazi yako utamwonyesha hadi toroli lilipopita."

Asajile alijua ni kweli. Mchana huo aling'oa kibao cha shaba chenye jina la gereji ya Nakonde, akaziba matundu yake, akaanza kupaka rangi.

Siku ya tatu Zahoro alirudi. Aliikuta mashine wazi, kwa kuwa rangi mbichi haifunikwi. Mwili wote ulikuwa wa kijani, magurudumu ya mkono meusi, na reli zinang'aa kama kijiko kipya.

Mgeni alichuchumaa. Alipitisha ukucha juu ya reli, mwanzo hadi mwisho. Akasukuma gurudumu kwa kidole kimoja, nalo likazunguka bila sauti.

Anazijua mashine, Asajile aliwaza. Safari hii forodha wamemtuma anayejua thamani.

"Reli hizi zimeparuzwa kwa mkono," Zahoro alisema polepole. "Nani huyu?"

"Mashine ni ya mtu. Mimi nalinda tu."

"Siulizi ni ya nani, mzee. Naulizia aliyeitengeneza."

Enesi alikohoa.

"Miaka kumi na tisa sijaona kazi kama hii," mgeni aliendelea. "Mtu huyu ningependa kumpa mkono."

Mkono wa Asajile ulianza kuinuka wenyewe. Aliurudisha nyuma ya mgongo. Habari za rula na unywele zilimjaa kooni. Akazimeza, na zilikuwa chungu.

"Ni Mzambia mmoja. Ameshavuka."

"Na wewe huwezi hata kuiwasha?"

"Mimi najua jembe. Nikiigusa hiyo itanikata vidole."

"Una hakika, baba? Fikiri kwanza."

"Muulize mama Mercy huyu."

"Huyu?" Enesi alisema. "Hata bawaba ya mlango inamshinda. Tunamwita fundi kutoka sokoni."

Zahoro aliinuka, akajipangusa magoti. Kisha akashukuru na kuondoka.

Walicheka mpaka Enesi akafuta machozi kwa kanga. "Sikujua unaweza kujinyima sifa namna hiyo, baba Mercy," alisema. Asajile alikula ugali wa watu wawili.

Kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, Zahoro alifungua mkoba, akatoa fomu iliyojazwa kwa mwandiko nadhifu, ya mwezi wa Februari. Penye nafasi ya mtahini aliandika: "Nimemtembelea mwombaji kazini kwake mara mbili bila kumtaarifu, kama utaratibu unavyotaka. Amekiri mbele ya mkewe kwamba hajui kukereza. Asipewe cheti." Akaikunja fomu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akatoka kwenda kumkabidhi kondakta wa basi la Mbeya.