Jasper Aruhusiwa Kuingia Thieta

"Tulia, mtu wa chuo," Sista Esnah alimwambia Jasper. "Ukijitingisha unamsumbua Daktari."

Jasper akatulia tuli. Mara tatu hospitali hii ya misheni, nje kidogo ya Kebirigo, ilikuwa imemkatalia kuingia thieta, chumba chake cha upasuaji. Profesa wake huko Nairobi alikuwa amechoka kungoja: apate majibu kabla ya Agosti kwisha, la sivyo aache utafiti huo, akachunguze soko la ndizi. Leo, hatimaye, alikuwa ndani.

Swali lake lilikuwa moja tu. Katika kazi ambayo kosa dogo linaua, watu wanasahihishanaje bila kugombana?

Hakuruhusiwa kuingia na kalamu wala karatasi. Pazia la kijani lilimziba asione mikono ya Daktari Nyasani, na taa kubwa ilimchoma macho. Miguu ilikuwa imekufa ganzi zamani. Hakujali. Masikio yalimtosha.

Tatizo lilikuwa Esnah. Kila Jasper alipotega sikio, yeye alizuka na swali.

"Ukitoka hapa utakula nini?"

"Ugali na chinsaga."

"Atakupikia nani?"

"Mama."

"Mama!" Alfayo, msaidizi wa daktari, aliangua kicheko nyuma ya pazia. "Ana digrii, ana ndevu, na bado anapikiwa mboga na mamake! Daktari, umesikia?"

"Nimesikia. Vuta hapo, Alfayo."

"Samahani, Daktari," Jasper akadakia, "huwa mnataniana hivi kila siku?"

"Kila siku. Ukisikia tumenyamaza, jua kuna neno."

Haukupita muda wakanyamaza.

"Daktari, ngoja." Alikuwa Gesare, muuguzi mdogo kuliko wote, aliyeajiriwa juzi tu. "Pamba moja ya kufutia damu haionekani."

Jasper alisubiri kelele. Kokote alikopita, shuleni hata nyumbani, mdogo hakumwambia mkubwa ngoja. Lakini Nyasani aliinua mikono yake juu, akasimama kama mti. Esnah aliacha maswali yake. Alfayo akainama kutazama sakafuni. Hakuna aliyemuuliza Gesare kama ana hakika. Jasper alitamani kuinama naye atafute.

"Hii hapa," Alfayo akasema kwa aibu. "Nimeikanyaga."

"Asante, Gesare," Nyasani akasema. "Tuendelee."

Jasper alishindwa kujizuia. "Na kama angekuwa amekosea, Daktari?"

"Ningemshukuru vilevile. Nikimfokea leo, kesho ataona kitu anyamaze."

Ndilo hilo! Jasper alilirudia moyoni neno kwa neno lisije likamponyoka. Aliwaza viwanda vya chai, shule, ofisi za serikali, nchi nzima ambamo mdogo angesema ngoja na mkubwa angesema asante. Machozi yakamtoka.

"Analia huyu," Esnah akatangaza. "Kuna mahali panauma?"

"Hapana, Sista. Ni furaha."

"Furaha! Alfayo, njoo uone maajabu. Miaka yangu yote humu, hii ndiyo mara ya kwanza."

Daktari Nyasani alikata uzi wa mwisho, akalishusha pazia la kijani, akamtazama Jasper usoni.

"Henia yako imekwisha, kijana," akasema. "Usinyanyue kitu kizito mpaka nikutoe nyuzi."