Birika la Mkuu

Kwa wiki tatu Tumpe alikuwa akifunga seva ya pili Iringa. Seva kuu ya Mbeya ikizimika, hii ilipaswa kutoa taarifa na kuendelea kuangalia mtandao.

"Ikikosea leo, inarudi stoo," mkuu wake alisema kwa simu kutoka Mbeya. "Ngoja nichemshe maji ya chai, baridi ya huku haifai. Kisha nazima hii yangu tuijaribu."

Mara taa nyekundu ikawaka mbele ya Tumpe. Kwenye kioo pakaandikwa: Mbeya haipatikani.

"Umeshazima, mkuu?"

"Bado! Unaona? Imeanza uongo."

Tumpe alisogeza simu sikioni.

"Samahani, mkuu. Hilo birika la umeme, umechomoa nini ukalichomeka?"

Yalisikika maji yakitokota, kisha plagi ikichomolewa haraka.