Maneno Ishirini ya Meja Lugendo

Kwa mujibu wa sheria, afisa aliyefia vitani hurudishiwa sauti mara moja kwa mwaka, maneno ishirini basi. Kwa mwaka wa tisa Nyamizi alikaa mbele ya kisanduku cha kutolea sauti hiyo, akitamani mumewe, Meja Lugendo, amtaje yeye kwa jina tu. Nyuma yake askari wa zamani wa Meja walijipanga kwa heshima zote, vitambi vikitangulia.

"Jamani, mwaka huu nyamazeni," aliwasihi.

"Hata kupumua hatupumui, mama," aliapa Sajini Masunga.

Kisanduku kikakohoa. Masunga akapiga saluti. "Kikosi kimekamilika, afande!"

Meja hakuwahi kupokea ripoti bila kuihakiki. Akaanza kuwaita majina, mmoja mmoja, mpaka maneno yote ishirini yakaisha.

Masunga alibubujikwa na machozi. "Mama, umesikia? Hajamsahau hata mmoja!"

Nyamizi akaenda kuwapakulia pilau.