Maili Mbili Hadi Kamachumu

Kokushubila alisikia yowe la kwanza nyuma yake alipobakiza maili moja kufika Kamachumu. Hakugeuka. Mwalimu Bundala alikwisha kumwambia kwamba mkimbiaji anayegeuka nyuma ameshashindwa, naye asubuhi hiyo hakuwa na nafasi ya kushindwa.

Yowe la pili lilitoka kilima cha jirani. La tatu lilikuwa mbele yake. Alilijua vizuri: ilikuwa enduru, mlio wa hatari ambao vijiji hupokezana, na hakuna miguu ya kushindana nao.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 1978. Majeshi ya Amin yalikuwa yamevuka mpaka, daraja la Kyaka limelipuliwa, na karibu kila nyumba ilikuwa na mgeni kutoka Missenyi anayesimulia mambo ya kunyima usingizi. Watu wa Muleba walilala na nguo za mchana, wakingoja zamu yao.

Katikati ya balaa hilo, eti kulikuwa na mchujo wa riadha. Chuo kimoja cha ualimu huko Mwanza kilitaka msichana mmoja wa mbio za mita mia nane, na atakayechaguliwa angesoma hata kama alama zake zilikuwa za kusikitisha. Za Kokushubila zilikuwa za kusikitisha hasa. Hesabu zilimkataa tangu darasa la tano, na mlango mwingine wa kuingia chuoni hakuwa nao. Bukoba hapakukalika tena, kwa hiyo Mwalimu Benadetha, mchaguzi wa chuo, alikubali kupita Kamachumu saa tatu asubuhi, mara moja tu. Jumatatu majina yangefungwa.

Mwalimu Bundala, Msukuma asiyejua kunong'ona, alikuwa amempa nasaha zake jana yake, akihesabu kwa vidole. Ale mapema. Asivae raba mpya. Atoke nyumbani kwa mbio za kadiri, maili zote mbili, ili afike uwanjani mwili umeshapata joto.

"Na usisimame njiani kwa mtu yeyote," alimalizia. "Ninyi Wahaya salamu zenu hazina mwisho. Ukipiga magoti kumi kati ya kwenu na hapa, utafika miguu imelala. Kimbia kama unafukuzwa. Mchujo ukiisha, rudi ukawasalimie wote."

Walicheka sana wote wawili. Leo kicheko kilikuwa mbali.

Watu walianza kumiminika barabarani kutoka migombani. Mama mmoja alibeba sufuria ya ndizi inayotoa mvuke, mtoto mgongoni analia. Bwana mmoja alivuta mbuzi wake kwa nguvu zote huku mkewe akimwita kutoka nyuma, na bwana hakusikia, au alijifanya hasikii. Kokushubila aliuliza wako wapi hao askari.

"Nyuma yako!" akajibiwa. "Kimbia, mtoto!"

Hapo hofu ikamshika kweli. Alikimbia kama hajapata kukimbia maishani. Aliwapita vijana, akawapita wenye baiskeli, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni. Kama kungekuwa na mtu wa kumpimia saa, chuo kingempata mkimbiaji wake palepale barabarani.

Uwanjani alikuta Land Rover inanguruma. Mwalimu Benadetha alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani, na Mwalimu Bundala ameshika mlango, anamsihi.

"Mwalimu, mizunguko miwili tu," Kokushubila alisema akihema. "Dakika mbili na nusu."

Mwalimu Benadetha alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, nina watoto wanne," alisema, akaingia. Gari likaondoka kuelekea Mwanza, na Kokushubila akalifuata mpaka pumzi ikakata.

Walijificha migombani, watu kama arobaini, kimya, siafu wakiwatambaa. Mama mmoja alimhurumia kwa bukta yake, akamfunga kanga. Kokushubila alilia polepole. Aliogopa kufa, na aliogopa vilevile kuendelea kuishi bila kile chuo, wala hakujua hofu ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Saa sita akaja mgambo kwa baiskeli, anatokea upande wa Bukoba. Barabara nzima, alisema, hakuona hata alama ya buti. Balozi wao wa nyumba kumi, Ildefons, akapandwa na hasira. Nani, aliuliza, aliyeanza kupiga yowe?

Kila mtu alimtaja mwenzake. Celina alisikia kwa Damian, Damian alisikia kwa majirani zake wa bondeni, na majirani wakasema walisikia kwa Mzee Rugaibula, ambaye nyumba yake iko kandokando ya barabara, maili moja kutoka pale. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi juu ya gogo, macho yake yenye ukungu yakitazama chini. Watu walisogea. Kokushubila, aliyekuwa karibu naye, alipiga goti kwenye majani yenye tope akamwamkia kama ilivyo adabu, na mzee akamgusa kichwa na kumwita, kwa Kihaya, mwana wange.

"Mzee," Ildefons alisema, "uliona askari wangapi?"

"Askari sikuona," alisema Mzee Rugaibula. "Niliona msichana. Alinipita mbio mlangoni kwangu, nikamwita, asisimame, asipige goti, asifungue hata kinywa. Nina miaka sabini katika nchi hii, Balozi. Binti wa Kihaya hampiti mzee namna ile kama hana kifo mgongoni."