Meno ya Mzee Kikohozi

Babu alivua meno yake ya bandia, akayashika mkononi, akakohoa. "Nani kavaa meno yangu?"

Wajukuu wakacheka kwa adabu tu.

"Aa, mimi siwezi kumwiga," babu akasema. " Mngemsikia mwenyewe! Mzee Kikohozi, mtu mweusi wa kwanza kupewa kipindi cha vichekesho redioni kwetu Unguja. Sura yake hakuna aliyeijua, lakini akianza tu, mji unanyamaza. Mwanamme shoka! Mwanamke haliwezi jambo lile, hana pumzi."

Kila Ijumaa hapa Mawaleh, ugenini mbali na Unguja, mke wa babu, Bi Balqis, huyasikia hayo huku akimimina kahawa. Miaka sitini kanyamaza. Enzi hizo kwao wakijua yuko darasa la cherehani, kumbe yuko studio. Posa ilipokuja, mama yake alimwapisha asiseme: nani ataoa sauti iliyokwisha kuchekesha mji mzima?

"Hana pumzi," babu akarudia.

Bi Balqis akaliweka chini dele la kahawa. Akachukua tende mbili, akazitoa kokwa kwa ukucha, taratibu, akatia moja shavu la kulia na moja la kushoto, kama alivyokuwa akifanya mbele ya kipaza sauti. Hakuzitafuna.

Akakohoa mara tatu. Babu akageuka upesi kutazama redio, na redio imezimwa.

"Weye mwanamme," ikasema sauti nzito ya kizee, "nipe meno yangu."

Akampa.