Kivuli cha Anasia

Siku ya arobaini ilipotimia, taswira ya marehemu ilijifuta yenyewe katika fremu zote za picha, kama sheria inavyotaka, ili wafiwa wasizidi kuumia. Elirehema, mpiga picha wa mashindano ya farasi kuruka viunzi huko Usa River, alisimama sebuleni akaikodolea macho picha ya binti yake Anasia. Farasi alikuwa bado hewani juu ya kiunzi, hatamu zimekazwa, na juu ya tandiko hapana mtu.

Miaka yote alilenga miguu ya farasi, maana wanunuzi ndiyo waliyoitaka. Uso wa mwanawe hakuulenga hata siku moja.

Kisha akaona chini, kwenye nyasi, kivuli cha farasi, na mgongoni kivuli cha msichana aliyeinama mbele.

"Mama Anasia! Njoo uone, kivuli chake kimesahauliwa!"

Mkewe alitazama, akaziba mdomo. "Punguza sauti, Baba Anasia. Fremu hizi huona tunachokitazama. Tukikikazia macho, nacho kitafutwa."

Akavua khanga yake begani, wakaifunika picha ile. Mpaka leo haijafunuliwa. Kila asubuhi wakiamka, wanaisalimia khanga.